Muindi Mbingu, Mkamba Aliyehamishiwa Lamu

Wapitao Barabara ya Muindi Mbingu, Nairobi, wengi hulisoma jina tu. Mwenyewe, marehemu Samuel Muindi Mbingu, alikuwa mtu wa Machakos.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba, ati wanaharibu ardhi. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, hilo tusilikane. Lakini waliopanga walihesabu mifugo, hawakuhesabu haja za nyumba: mahari, maziwa ya watoto, akiba ya mwaka wa njaa. Wala hawakujiuliza malisho yalibana kwa nini, ilhali ardhi nzuri wameitwaa walowezi. Ng'ombe wakachukuliwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Athi River kinawangoja.

Mwezi wa Julai Muindi aliongoza maelfu, wake kwa waume, hadi Nairobi kumtaka Gavana. Wakapiga kambi majuma kadhaa. Yeye akakamatwa, akapelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza.

Wakamba wakabaki na ng'ombe zao. Mtetezi wao akabaki kisiwani, penye majahazi na punda, mpaka 1946. Aliuawa mwaka 1953.