Maisha ya Mary Ainsworth, Aliyechungua Watoto wa Uganda

Likizo iliyopita nilipanda mlima kutoka hapa Ndanda kwenda kwetu Newala, nikamkuta bibi yetu akimlea mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miezi minane. Majirani walisema kwamba mtoto aliyelelewa na mzee, tena kwa maziwa ya kikombe, hatakuwa na akili. Maneno hayo yaliniuma. Niliporudi shuleni nilitafuta vitabu, na ndivyo nilivyopata kumjua Dokta Mary Ainsworth.

Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada. Huko alisomea elimu ya nafsi, akapata udaktari wake mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la wanawake la Kanada hata akawa meja. Baadaye alifanya kazi London pamoja na John Bowlby, aliyefundisha kwamba mtoto mchanga akitengwa na mama yake huumia.

Mwaka 1954 mumewe alipata kazi Kampala, naye akafuatana naye. Wengine wangekaa barazani kungoja chai! Yeye alijifunza Kiganda kidogo, akachukua mkalimani, akaenda vijijini kwenye nyumba 26 zenye watoto wachanga. Kila baada ya majuma mawili alirudi, akakaa kama saa mbili, akitazama: mtoto amlilia nani? Akishtuka, amkimbilia nani? Aliona kwamba mama aliyemjua vema mwanawe alikuwa na mtoto aliyetulia, aliyethubutu kutambaa mbali kisha akarudi. Tena aliona kuwa mtoto huweza kumshika vilevile baba, bibi au ndugu. Mahali hapo nilipasoma mara mbili.

Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Alifariki mwaka 1999.

Yeye hakupima ubongo. Wataalamu wengine ndio walioonyesha kuwa ubongo wa mtoto anapozaliwa ni kama robo ya ule wa mtu mzima, na afikapo miaka miwili hukaribia sehemu nne katika tano. Viungo kati ya chembe zake huimarika kwa kutumiwa, yaani kwa kusemeshwa, kubebwa na kuchezeshwa, visivyotumika hupunguzwa. Hata ukubwani ubongo huendelea kubadilika.

Nilimwandikia mjomba barua, nikamwomba amsomee bibi. Amejibu kwamba mtoto sasa anasimama kwa kushika kigoda, na bibi akienda kuteka maji hulia mpaka arudi.