Mtakatifu Marie wa Québec, Mama na Mwalimu

Marie Guyart alizaliwa tarehe 28 ya mwezi wa kumi, mwaka 1599, katika mji wa Tours, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mwokaji wa mikate. Tangu utoto Marie alitamani utawa, lakini wazazi wake walimwoza alipokuwa na miaka 17, naye akawatii. Mumewe, Claude Martin, alikuwa fundi wa kufuma hariri. Mwaka 1619 walipata mtoto mwanamume, wakampa jina la baba yake. Mtoto alipofikia miezi sita tu, baba akafa. Basi Marie akawa mjane kabla ya kutimiza miaka 20, na mtoto mchanga mikononi, na madeni ya marehemu mlangoni.

Watu walimshauri aolewe tena, akakataa. Akaenda kukaa kwa dada yake, ambaye mumewe alikuwa na kazi ya kusafirisha mizigo karibu na mto Loire. Kwanza alifanya kazi za jikoni kama mtumishi, akawatunza wafanyakazi walipougua. Baadaye shemeji yake akamkabidhi kazi yote aisimamie. Kutwa alikuwa kati ya farasi, mapipa na makelele ya wachukuzi, lakini moyo wake haukuacha kusali. Mikono ilikuwa kazini, na roho ilikuwa kwa Mungu.

Mwana alipokaribia kutimiza miaka 12, Marie aliona kwamba Mungu anamwita katika utawa. Hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko yote ya maisha yake. Tarehe 25 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1631, alimwachia dada yake mtoto, akaingia kwa Masista Waursulini wa Tours, ambao kazi yao ni kufundisha wasichana. Jamaa walimlaumu sana. Mtoto mwenyewe alikuja na wenzake wa shule mbele ya nyumba ya watawa, akilia na kudai arudishiwe mama yake. Marie alimsikia akiwa ndani. Hakutoka, lakini alikuwa kama mtu anayekufa angali hai. Hakusema kamwe kwamba sadaka ile ilikuwa nyepesi. Miaka mingi baadaye, kwa barua, alimwomba mwanawe msamaha kwa uchungu aliomtia.

Mwaka 1639 alitumwa Kanada, ng'ambo ya bahari kuu. Alisafiri pamoja na Masista wenzake, na mjane mmoja tajiri, Bibi Madeleine de la Peltrie, aliyetoa mali yake kwa kazi hiyo. Waliondoka bandari ya Dieppe tarehe 4 ya mwezi wa tano, wakafika Québec tarehe 1 ya mwezi wa nane. Njiani mlima wa barafu uliokuwa ukielea baharini ulikaribia kuivunja merikebu yao.

Nyumba yao ya kwanza ilikuwa na vyumba viwili tu. Humo walilala, walisali na kufundisha. Mara ndui ikaingia, na watoto wakaugua. Nyumba ya shule ikawa nyumba ya wagonjwa, na Masista wakatoa hata nguo zao za kitani kuwafunika. Baadhi ya watoto walikufa, lakini Masista hawakukimbia.

Kabla ya kufundisha, Marie alipaswa kufundishwa. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 40, na wenyeji hawakujua Kifaransa. Aliketi kama mwanafunzi mdogo, akajifunza lugha ya Waalgonquin na ya Wainnu. Baadaye alijifunza pia ya Wahuron na ya Wairoquois. Mwanzoni maneno yalimwumiza kichwa kama mawe. Akavumilia, hata akaandika katekisimu na kamusi katika lugha hizo, ili wengine watakaomfuata wasianze tena gizani.

Usiku wa tarehe 30 ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1650, nyumba ya watawa iliungua. Sista mmoja alikuwa ameweka makaa karibu na unga uliokandwa, ili baridi isiuharibu. Watoto na Masista wakaokoka, wengine wakisimama miguu mitupu juu ya theluji. Marie hakunung'unika. Alisimamia ujenzi, na nyumba mpya ikasimama.

Si kila jambo lilifanikiwa. Wafaransa walitaka wasichana wa msituni wafuate desturi za Ulaya. Wengi walihuzunika ndani ya ua, wakaruka uzio na kurudi kwa wazazi wao. Marie alikiri wazi kwamba ni wachache mno waliogeuka kuwa kama Wafaransa. Hakuwachukia kwa ajili hiyo; aliendelea kuwapokea waliokuja.

Na mwanawe Claude? Mwaka 1641 alijitoa kwa Mungu katika shirika la Wabenedikto, akawa padri. Tangu mama yake alipovuka bahari, hawakuonana tena hapa duniani. Merikebu zilifika wakati wa kiangazi, zikarudi kabla ya mto kuganda. Kila mwaka Marie aliandika barua usiku, baada ya kazi, akimshauri na kumfariji. Hivyo, kwa zaidi ya miaka 30, mama aliyeondoka aliendelea kumlea mwanawe.

Marie alifariki Québec tarehe 30 ya mwezi wa nne, mwaka 1672, akiwa na miaka 72. Mwaka 1677 mwanawe alitoa kitabu cha maisha yake: mtoto aliyelia mlangoni ndiye aliyewajulisha watu fadhila za mama yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mwaka 1980, na Papa Fransisko akamtangaza Mtakatifu mwaka 2014.

Mkatekumeni ambaye mafundisho yanamlemea, naye akijiona amekwisha kuwa mtu mzima, amkumbuke mama huyu aliyekaa chini kujifunza upya. Na mzazi aliye mbali na watoto wake asichoke kuwapelekea neno jema.