Jigoro Kano, mfupi aliyefundisha kuangusha majitu

Huku Kariokor, Nairobi, ninakoishi tangu nitoke Pwani, nguvu hupimwa kwa mzigo. Hata jina la mtaa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo maana napenda kuwasimulia vijana wembamba wa hapa maisha ya Jigoro Kano.

Kano alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mfupi na dhaifu, na katika shule ya bweni wenzake wakubwa walimwonea. Mwaka 1877 akaanza kujifunza jujutsu, mapigano ya kale ambayo Wajapani wengi walikwisha kuyadharau. Mwaka 1882 akafungua Kodokan ndani ya hekalu moja la Tokyo, akiwa na mikeka 12 na wanafunzi 9. Mchezo wake akauita judo.

Msingi wake ni huu: kabla ya kumwangusha mtu, mwondolee mizani. Chukua mtama, ule tunaopigana tangu utotoni. Mwenye pupa hurusha mguu, akagonga mfupa, akaanguka yeye. Katika judo unamvuta mwenzio apige hatua. Mguu wake unapogusa chini na uzito ndio unaingia, unakinasa kisigino kwa wayo wako na kukivuta kuelekea vidole vyake, huku mikono ikimsukuma nyuma. Ukiwahi au ukichelewa, hang'oki. Ukipatia, hata pandikizi la mtu huenda chini. Lakini anayeanza hufundishwa kwanza kuanguka bila kuumia.

Kwa kazi Kano alikuwa mwalimu. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Machi 1938 alifika Cairo, barani kwetu, kwa mkutano wa kamati hiyo. Hakufika kwao akiwa hai. Alifariki melini tarehe 4 Mei, akiwa na miaka 77. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, huko huko Tokyo.

Leo kijana akionewa, Eastlands au kwetu Pwani, wa kwanza kumfikia huwa ni genge, na humpa panga. Kano naye alionewa, akatafuta mwalimu. Wazazi na viongozi wetu, kumbi za mitaa tunazo. Tuwatandikie vijana mikeka kabla genge halijawafikia.