Isidore Bakanja, Mfanyakazi Aliyebeba Majeraha Yake

Mto mkubwa wa Kongo ukiisha kupita maporomoko ya Kisangani, hapo Wagenia wanapotega migono yao kati ya miti iliyosimikwa majini, huteremka siku nyingi katikati ya misitu hata Mbandaka. Huko hupokea maji meusi ya mto Ruki, ambao upande wa juu huitwa Busira. Katika nchi hiyo ya Busira aliishi na kufa kijana ambaye jina lake leo linatajwa katika makanisa mengi ya dunia. Hakuwa padri, wala mtawa, wala mtoto wa mtemi. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara, mtu wa mikono na jasho. Jina lake ni Isidore Bakanja.

Bakanja alizaliwa Bokendela, kati ya watu wa Boangi, baina ya mwaka 1885 na 1890. Alipopata nguvu za kiume alitoka kwao akaenda Mbandaka kutafuta kazi, akaajiriwa kuwa msaidizi wa waashi. Huko alikutana na Wakristu, na kwa njia yao akawafikia mapadri Watrapisti, waliokuwa wameingia nchi ile mwaka 1895. Mchana alichukua mawe na udongo. Saa za mapumziko alijifunza mafundisho ya dini. Kama mkatekumeni yeyote, ilimpasa kurudia sala mpaka zikae moyoni, na kuvumilia ucheko wa wenzake waliodhani anapoteza wakati wake.

Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa huko Bolokwa-Nsimba, akapewa jina la Isidore. Mwezi wa Novemba mwaka uleule alipokea Kipaimara, na mwezi wa Agosti mwaka 1907 alipokea Komunyo ya kwanza. Alipewa pia rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, ambavyo Mkristu huvaa shingoni, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Haina nguvu za hirizi. Ni ishara tu ya kuwa mwenye kuivaa amejiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Mungu. Katika nchi ile na wakati ule, watu walimtambua Mkristu kwa alama hizo mbili.

Huko Ikili

Kazi ya Mbandaka ilipokwisha, Bakanja alikwenda Busira, alikokuwa na ndugu. Akaajiriwa kuwa boi wa Mzungu aliyeitwa Reynders, mtumishi wa kampuni ya Kibelgiji iliyofanya biashara ya mpira na pembe za ndovu. Baadaye Reynders alipelekwa Ikili, na Bakanja akatakiwa kumfuata. Ndugu na rafiki walimwonya asiende, maana Ikili hapakuwa na Wakristu, na msimamizi wa huko, Van Cauter, aliichukia dini. Lakini Bakanja alikuwa amekwisha kutoa ahadi ya kazi, na ahadi kwake haikuwa kitu cha kuchezea. Akaenda.

Yafaa kukumbuka hali ya nchi wakati ule. Tangu mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, na watu wa misituni walilazimishwa kutafuta mpira kwa vitisho na kwa fimbo. Tarehe 15 Novemba 1908 nchi iliingia mikononi mwa serikali ya Ubelgiji, lakini desturi za ukatili hazikukoma kwa siku moja. Mawakala wengine wa biashara waliwachukia mapadri, kwa kuwa mafundisho yao yaliwaonyesha watu ya kwamba kila mtu, hata mchukuzi wa mpira, ni mtoto wa Mungu mwenye heshima yake.

Bakanja alifanya kazi yake vizuri, na baada ya kazi aliwafundisha wenzake sala. Van Cauter alipopata habari alikataza jambo hilo. Bakanja aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Akaamriwa kuvua skapulari; hakuivua, akapigwa fimbo 25. Hata hapo hakutukana wala hakuacha kazi. Aliendelea kuitika alipoitwa, na kusali alipopata nafasi.

Tarehe 2 Februari 1909 hasira ya msimamizi ilipanda mno. Aliirarua skapulari shingoni mwa kijana na kumtupia mbwa. Kisha akaleta kiboko cha ngozi ya ndovu chenye misumari, akaamuru Bakanja alazwe chini na kupigwa. Aliyelazimishwa kumpiga alisita, lakini alitishwa. Mapigo yalipita 100. Ngozi ya mgongo ilichanika, nyama ikafunuka. Baada ya hayo alifungwa minyororo miguuni na kutiwa katika chumba cha kukaushia mpira.

Miezi sita ya maumivu

Basi tazameni badiliko hilo. Asubuhi ya siku ile Bakanja alikuwa kijana mwenye afya, anayekwenda apendako kwa miguu yake na kula kwa kazi yake. Kabla jua halijazama alikuwa mgonjwa asiyeweza kuketi wala kulala chali. Hakulichagua badiliko hilo, wala hakupewa siku hata moja ya kujiandaa.

Siku zilipita. Ikasikika habari kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja Ikili. Van Cauter aliogopa, akaamuru Bakanja aondolewe apelekwe kijiji kingine, ili asionekane. Lakini Bakanja hakuweza kwenda mbali. Alijificha msituni karibu na njia, akajikokota mpaka mkaguzi alipomwona. Mkaguzi huyo, Mjerumani aliyeitwa Dörpinghaus, alishtuka kuona mtu ambaye mgongo wake wote ulikuwa jeraha moja lenye usaha. Alimchukua, akamlinda asiuawe, akajaribu kumtibu. Bakanja hakuona aibu kueleza yaliyompata. Aliomba kwamba wakimwona mama yake, au wakifika kwa hakimu, au wakikutana na padri, wawaambie kuwa anakufa kwa sababu yeye ni Mkristu.

Mwishowe alipelekwa Busira, kwa Wakristu wenzake. Hao walimpokea, wakamwosha vidonda, wakamlisha, wakafukuza nzi, wakasali naye. Dawa za kuzuia uozo wa vidonda vikubwa namna ile hazikuwako. Jeraha lilizidi kuingia ndani hata mifupa ikaonekana. Hivyo alikaa Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni na Julai. Maumivu ya siku moja mtu aweza kuyashinda kwa nguvu za mwili. Ya miezi sita humpima mtu roho yake yote.

Bakanja aliyachukuaje? Hakujifanya kana kwamba haumii. Aliugua kwa sauti kama mgonjwa yeyote. Lakini hakuacha mambo machache aliyoweza bado kuyafanya. Mikono yake ilikuwa hai, basi alishika rozari. Kinywa chake kilikuwa kizima, basi alisali na kuzungumza na waliomtembelea. Alikubali kuhudumiwa, yeye aliyekuwa amezoea kuwahudumia wengine. Na kwa mwanamume mwenye nguvu hilo si jambo jepesi. Alizoea kwanza kuwa mtu wa kuhitaji, na katika kuhitaji kwake hakupoteza heshima.

Msamaha

Tarehe 24 na 25 Julai 1909 mapadri wawili, Grégoire Kaptein na Georges Dubrulle, walifika kwake. Walimwungamisha, wakampa Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Walimhimiza amsamehe yule aliyempiga. Bakanja alijibu kwamba hamkasirikii, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Msamaha huo haukuwa uongo. Bakanja hakusema kwamba lile lililotendeka lilikuwa dogo, wala hakulificha mbele ya mkaguzi na mapadri. Kesi ilifika mahakamani, na Van Cauter akahukumiwa kifungo. Kusamehe si kuzuia haki isitendeke. Kusamehe ni kukataa chuki isifanye makao moyoni. Mtu aweza kusema kweli mbele ya hakimu, na jioni yake akamwombea aliyemdhuru.

Tarehe 15 Agosti 1909 ilikuwa siku ya Jumapili, tena sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Wakristu wa Busira walikusanyika kusali. Ghafula walimwona Bakanja, ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama, akiinuka na kwenda polepole katika migomba, rozari mkononi. Wote walistaajabu. Kisha akarudi, akajilaza, akafa bila kelele. Walimzika na rozari mikononi na skapulari shingoni.

Wakristu hawakumsahau. Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishiwa misioni ya Bokote. Tarehe 24 Aprili 1994, huko Roma, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Kongo ilikuwa imekwisha kumpata Mwenye Heri mwingine, Sista Marie-Clémentine Anuarite wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye pia akimsamehe mwuaji wake. Yeye alitangazwa mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, siku ileile ya mwaka ambayo Bakanja alikufa.

Kwa wale wanaojiandaa kwa Ubatizo

Maisha haya yanamhusu mkatekumeni wa kijijini kuliko anavyodhani. Si wengi watakaopigwa kwa ajili ya dini. Lakini ni nani asiyeweza kuangukiwa na mti shambani, au kupooza mkono, au kupofuka macho, au kupatwa na ugonjwa usiopona? Jana alikuwa tegemeo la nyumba yake. Leo analetewa maji ya kunawa. Ndipo mashaka huingia. Mgonjwa hujiuliza kama Mungu amemwacha, na jamaa huanza kunong'ona kwamba yupo aliyemroga. Wengine huuza mbuzi ili mpiga ramli amtaje adui. Adui akiisha kutajwa, jirani huchukiwa, ndugu hufarakana, na kidonda hubaki palepale.

Bakanja hakuhitaji mpiga ramli amtajie adui yake. Alimjua kwa jina na kwa sura. Ikiwa yeye aliyejua hakika alikataa kumchukia, itakuwaje kwa mtu anayemchukia jirani kwa dhana tu? Nguvu ambazo mgonjwa huzimaliza kwa kutafuta wa kumlaumu, ni nguvu zilezile anazozihitaji apate kuvumilia, kutunza mwili wake na kufikiri kazi gani nyingine aweza kuifanya.

Wazee wamenena kwamba subira ni ufunguo wa faraja. Lakini subira si kukaa kimya tu na kungoja. Subira ya Bakanja ilikuwa na matendo: aliomba ruhusa ya kuondoka alipoona hatari, alijikokota hata njiani ili aonekane, alisema kweli, alikubali tiba, alikaa na wenzake, alisali. Basi mgonjwa asione haya kwenda zahanati, wala asijifungie peke yake katika giza la nyumba. Na wenye afya wasimwache. Watu wa Busira hawakuweza kumponya Bakanja, lakini walikaa karibu naye kila siku, na kwa ajili yao hakufa kama mtu aliyetupwa.

Wagenia hawawezi kuuzuia mto usije kwa nguvu. Mafuriko yakivunja miti yao, hushuka tena majini wakasimika mingine, maana watoto wanahitaji samaki. Vivyo hivyo mtu aliyepatwa na badiliko gumu hawezi kuirudisha siku ya jana. Aweza lakini kuitazama siku ya leo, akatafuta humo kilichobaki, hata kama ni mkono mmoja na sala fupi. Isidore Bakanja alibakiwa na mkono wenye rozari na moyo usio na kinyongo. Kwa hivyo viwili alitembea katika migomba siku yake ya mwisho.