Semei Kakungulu: Jemadari aliyedai ufalme wa Bukedi

Ukitaja jina la Kakungulu mjini Kampala, wengi watakuelekeza Kibuli, kwenye ule msikiti wa juu ya kilima, kwa sababu ni Mwanamfalme Badru Kakungulu aliyetoa ardhi ile kwa Waislamu. Tunayemzungumzia leo ni mwingine. Semei Kakungulu utamkuta ukielekea mashariki, ukishavuka daraja la Jinja, upande ule ambako malori ya Busia na Malaba hupita usiku na mchana. Mfanyabiashara anayelala Mbale, anayenunua mchele Butaleja au anayesubiri karatasi zake za forodha Malaba, yuko katika nchi ambayo mtu huyu aliamini ni yake. Hakuirithi kwa baba. Aliipata kwa bunduki, akasema Waingereza walimwahidi kumtawaza kuwa mfalme wake, nao wakasema hawakuahidi kitu cha namna hiyo.

Magazeti ya Kampala hayakosi habari za maveterani wanaoomba majina yao yaingizwe kwenye orodha za wanaostahili kulipwa kwa vita walivyopigana. Dai la Kakungulu ni babu wa madai hayo.

Alizaliwa Kooki karibu na mwaka 1869, katika ufalme mdogo uliokuwa ukipeleka kodi kwa Kabaka wa Buganda. Leo eneo hilo liko Rakai, si mbali na mpaka wa Mutukula. Kwa hiyo Mengo alifika kama mgeni, kijana asiye na ukoo mkubwa wa kumsukuma mbele, na njia yake ya kupanda ikawa ni uwindaji wa tembo. Siku hizo pembe ndizo zilizonunua bunduki na baruti kutoka kwa misafara ya Waarabu na Waswahili iliyokuja kutoka pwani, na mtu aliyejua kulenga shabaha alikuwa mali. Alijifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, akabatizwa Semei.

Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa, na muda si mrefu Waislamu wakashika mji na Wakristo wakakimbilia Ankole. Kakungulu alikuwa miongoni mwao. Huko uhamishoni ndiko alikojulikana kama mpiganaji, na Mwanga aliporudishwa Mengo kwa mapigano ya 1889 na 1890, yeye alikuwa mmoja wa makamanda waliomrudisha. Baadaye alimwoa Nawati, dada yake Mwanga, binti wa Kabaka Mutesa. Mtu wa Kooki akawa shemeji wa mfalme. Akapewa pia cheo cha Kimbugwe, kimojawapo cha vyeo vikubwa kabisa vya ikulu, ambacho mwenye nacho ndiye mtunzaji wa kitovu cha Kabaka.

Aliyekuwa juu yake alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro. Wote wawili walikuwa Waprotestanti, wote waliwahi kukimbilia Ankole, na wote walitaka kuwa mtu wa kwanza. Kanali Colvile alipoivamia Bunyoro mwishoni mwa 1893 kumwandama Omukama Kabalega, aliyeongoza maelfu ya wapiganaji wa Kiganda alikuwa Kakungulu. Kagwa alibaki na ofisi, na Kakungulu akarudi na sifa. Mji mmoja haukuweza kuwabeba wote wawili. Mwaka 1895 Kakungulu aliacha cheo cha Kimbugwe, akaondoka Mengo na wafuasi wake kuelekea Bugerere na fukwe za Ziwa Kyoga. Alikuwa bado hajafika miaka 30.

Ukiangalia nyuma, hapo ndipo alipopoteza, ingawa wakati ule ilionekana kama anakwenda kujitafutia makubwa. Aliliacha baraza ambako mambo yalikuwa yakianza kuandikwa.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, akatoroka tena na hatimaye akaungana na adui wake wa zamani, Kabalega, ambaye tayari alikuwa amepigana nao kwa miaka. Wafalme wawili waliokuwa mahasimu wakawa wakimbizi pamoja katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Kyoga. Tarehe 9 Aprili 1899 jeshi la Luteni Kanali Evatt, pamoja na Kakungulu na watu wake, liliwazingira. Kabalega alipigwa risasi, mkono wake ukaharibika hata ukakatwa. Mwanga naye alikamatwa siku hiyohiyo. Miaka kumi kabla ya hapo Kakungulu alikuwa amemwaga damu kumrudisha Mwanga kwenye kiti. Sasa alikuwa amesaidia kumfunga, shemeji yake mwenyewe.

Wafungwa walipelekwa hadi pwani, na mwisho wakafikishwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafia Jinja mwaka 1923, Bunyoro ikiwa bado mbele yake.

Kwa Waingereza, ushindi ule ulimaliza vita vilivyokuwa vimewagharimu fedha na watu wengi. Kakungulu alitarajia malipo ya ukubwa huo. Aliachiwa kuendelea mashariki na kaskazini, katika nchi ambazo Waganda waliziita Bukedi, jina ambalo wenyeji wake hawakujiita, na ambalo lina dharau ndani yake. Alijenga ngome moja baada ya nyingine, Bugwere, Teso na kwingineko, akaweka machifu wake, wengi wao Waganda, akawapa vyeo vilevile vya Buganda. Makao yake yakawa Budaka. Wafuasi wake walimtazama kama mfalme, naye aliishi hivyo.

Desemba 1899 aliwasili Sir Harry Johnston, Kamishna Maalumu. Kazi yake kubwa ilikuwa Mkataba wa Uganda, uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Ndani ya mkataba ule machifu wa Buganda walipata ardhi ya maili, karatasi mkononi, ya kurithisha watoto. Kagwa, akiwa mmoja wa walezi wa Kabaka mtoto Daudi Chwa, alitoka na sehemu nono. Kakungulu alikuwa ng'ambo ya ziwa, kazini.

Ni katika mazungumzo na Johnston ndipo Kakungulu aliposema aliahidiwa kuwa Kabaka wa Bukedi. Neno hilo lina uzito wake. Kabaka ana kiti, ana ngoma, anamwachia mwanawe. Serikali kwa upande wake ilimhesabu kuwa wakala wake, mtu wa kutuliza nchi na kukusanya kodi, anayeweza kuondolewa siku ikipenda. Wakala anapewa barua, na barua ikifutwa hana kitu. Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901. Maofisa waliomfuata walilichukulia dai lile kama la mtu aliyeelewa vibaya, na hapakuwa na mkataba wa Bukedi wa kufungua na kusoma kama ule wa Mengo.

Mimi naamini kuna jambo aliambiwa. Mtu hawezi kuacha cheo cha Kimbugwe, akapigana miaka minne porini, kisha akaridhika na kazi ya kukusanya kodi ya wengine bila kutiwa moyo na mtu mwenye mamlaka. Lakini hata kama ahadi ilitolewa, ilitolewa na mtu asiye na haki ya kuitoa. Wagwere, Wagisu, Wateso na wengineo hawakuulizwa. Kwao Kakungulu alikuja na bunduki, na mawakala wake walichukua ng'ombe na kulazimisha watu kazi. Wazee wa mashariki walisimulia mambo hayo kwa uchungu, na malalamiko hayo ndiyo Waingereza waliyoyatumia dhidi yake, wakisahau kwamba walimtuma wao.

Mapema 1902 Naibu Kamishna William Grant alifika Budaka. Kakungulu alilazimika kujiuzulu na kuiacha ngome. Mwaka huohuo serikali ilikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuhamishia upande wa pili, hivyo Kisumu na nchi hadi Naivasha zikawa sehemu ya himaya ambayo leo ni Kenya. Mfanyabiashara anayehangaika na mpaka wa Busia ajue kwamba uliletwa karibu na hapo mwaka huo, kwa amri iliyotoka mbali, wakati mtu aliyejiona mwenye nchi akifungasha mizigo.

Alipewa maili 20 za mraba chini ya Mlima Elgon, mahali paitwapo Mbale. Hapo ndipo ninapomheshimu. Wengine wangekaa na kinyongo. Yeye alipanda migomba, akafungua barabara, akapanda miti kando yake, na watu wake wakaja kwa mamia. Wanunuzi na wauzaji walifuata. Muda haukupita serikali iliona mji umeshasimama, ikahamishia boma lake hapohapo. Ikamfanya chifu wa saza katika mji aliouanzisha mwenyewe, na kadiri boma lilivyokua, nafasi yake ilizidi kubanwa.

Mwaka 1906 alihamishiwa Busoga kuwa rais wa baraza la machifu. Kwa jina kilikuwa cheo kikubwa. Kwa mtu aliyesubiri kiti cha enzi, kilikuwa ofisi nyingine ya mtumishi, na tena kilimtenga na Mbale. Mwaka uliotangulia, mpinzani wake Apolo Kagwa alikuwa amepewa na Mfalme wa Uingereza nishani ya KCMG, akawa Sir Apolo. Kagwa alikuwa pia ameandika vitabu vya historia ya Buganda, vilivyosomwa na kunukuliwa miaka mingi. Kakungulu, aliyewakamata wafalme wawili siku moja, hakupata heshima ya kulingana na hiyo, na habari zake ziliachwa kwa wafuasi wake kuziandika baadaye.

Alirudi Mbale mwaka 1913 akiwa mtu wa kubishana na serikali. Akajiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali, na wakati wa kuchanja watu na mifugo ulipofika, yeye alikataa. Akaendelea kusoma Biblia peke yake, hasa vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Wamalaki wenzake walimwambia hayo ni ya Wayahudi, akawajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Jumuiya yake ikaitwa Abayudaya. Katika miaka ya 1920 Myahudi mmoja aliyekuwa akipita Mbale kwa shughuli zake alikaa naye miezi kadhaa, akamfundisha sikukuu, kalenda na namna ya kuchinja. Wengine wamesema Kakungulu aligeukia dini hiyo kwa hasira dhidi ya Waingereza. Hasira ilikuwepo, lakini mtu hajitahiri ukubwani kwa hasira peke yake.

Kagwa aling'olewa kwenye ukatikiro mwaka 1926 na akafariki Nairobi mwaka uliofuata. Kakungulu alimfuata tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama, nje kidogo ya Mbale. Dai la Bukedi halikujibiwa.

Waliolifungulia jalada lake walikuwa wanahistoria. Mwaka 1939 H. B. Thomas aliandika habari zake katika jarida la Uganda Journal, na mwaka 1993 Michael Twaddle akatoa kitabu kizima kinachomtaja miongoni mwa walioiumba Uganda. Serikali ya Uganda huru nayo ilifungua jalada la siku ileile ya Aprili 1899, ila kwa upande mwingine. Mwaka 2009, Rais Museveni alimtangaza Kabalega kuwa shujaa wa taifa.

Mbale iko shule yenye jina la Kakungulu, na Abayudaya bado wanasali kwenye vilima vya huko, baada ya kupigwa marufuku enzi za Idi Amin. Wafanyabiashara wengi wanaopanga bidhaa zao katika soko la Mbale hawajui ni nani aliyewaleta wanunuzi wa kwanza mahali pale.