Mtakatifu Hildegard wa Bingen: Mtawa Aliyeandika Juu ya Bia

Kila tarehe 17 Septemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Hildegard wa Bingen, bikira na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wetu tunamfahamu kwa maono yake, kwa nyimbo zake, na kwa barua alizowaandikia mapapa na wafalme. Wachache wanafahamu kwamba mtawa huyu wa Kibenedikto aliandika pia juu ya bia: inaufanyia nini mwili, na ni mmea gani unaoizuia isiharibike. Safari hii tumeona vema kumtazama kwa upande huo. Suala la kinywaji lipo kati yetu, seminarini na parokiani, na mara nyingi tunalizungumza ama kwa kucheka ama kwa kunong'ona. Hildegard alilizungumza waziwazi, na kwa sala.

Malezi chini ya Jutta

Hildegard alizaliwa mwaka 1098 katika bonde la mto Rhine, Ujerumani ya leo. Wazazi wake, Hildebert na Mechthild, walikuwa watu wa ukoo bora, na tangu utotoni mtoto wao huyu alikuwa dhaifu wa afya. Walimtolea kwa Mungu. Tarehe 1 Novemba 1112, akiwa na miaka 14, aliingia pamoja na Jutta wa Sponheim katika makao madogo yaliyofungwa, yaliyoshikamana na monasteri ya wamonaki ya Disibodenberg. Jutta ndiye aliyekuwa mlezi wake. Alimfundisha kusoma na kuimba Zaburi.

Jutta alikuwa mwanamke mtakatifu na mkali mno juu ya mwili wake. Alifunga kupita nguvu zake, akajitesa kwa siri. Alipofariki mwaka 1136, Hildegard alikuwa mmoja wa wale walioosha maiti yake, nao wakakuta mnyororo aliouvaa kwa miaka mingi umechimba mifereji katika nyama yake. Hildegard alimheshimu mlezi wake hadi mwisho. Lakini aliporithi nafasi yake na kuwa mama wa watawa wale, hakuwafunga mnyororo huo. Baadaye, katika barua zake, aliwaonya watawa waliojinyima kupita kiasi kwamba mwili uliochoshwa hauzai fadhila. Udongo uliopasuka kwa jua na udongo uliozama katika mafuriko, yote miwili haioti kitu.

Hapa alikuwa mwanafunzi mwaminifu wa Mtakatifu Benedikto. Kanuni yake, ambayo hata leo inaishiwa kwetu Tanzania katika abasia za Peramiho na Ndanda, ina sura nzima, ya 40, juu ya kipimo cha kinywaji. Benedikto anasita kumpimia mtu mwingine chakula na kinywaji. Anasema wanaojaliwa nguvu ya kuacha kabisa watapata thawabu yao. Kisha, akijua udhaifu wa watu, anaruhusu kipimo cha divai kwa siku, kwa sharti kwamba mtu asinywe hadi kushiba. Mahali pasipopatikana kipimo hicho, anawaomba wamonaki wasinung'unike.

Maono na safari ya Rupertsberg

Mwaka 1141, akiwa na miaka 42, Hildegard alipata amri kutoka mbinguni ya kuandika aliyokuwa akiyaona tangu utoto. Aliogopa, akaugua, kisha akaanza, akisaidiwa na mmonaki Volmar aliyekuwa katibu wake. Kitabu chake cha kwanza, Scivias, kilimchukua miaka 10. Kabla hakijakamilika, Papa Eugenio III alisomewa sehemu yake kwenye sinodi ya Trier, majira ya baridi ya mwaka 1147 na 1148, akamhimiza aendelee.

Karibu mwaka 1150 alihama na watawa wapatao 20 kwenda kilima cha Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen, mahali mto Nahe unapoingia Rhine. Abati wa Disibodenberg alipinga sana, maana watawa hao waliiletea monasteri yake sifa na mali. Huko Rupertsberg walikuta magofu, na siku za mwanzo zilikuwa za shida. Waliozoea maisha ya kikabaila walilazimika kupungukiwa, na baadhi yao waliondoka. Mwaka 1151 Richardis, mtawa aliyempenda kama binti yake na aliyemsaidia katika uandishi, alikwenda kuwa abesi mahali pengine, na mwaka uliofuata akafariki. Hildegard alionja uchungu huo wote. Na ni katika miaka hiyohiyo alipoandika juu ya mimea.

Kitabu cha viumbe na bia ndani yake

Kati ya mwaka 1150 na 1160 hivi, Hildegard alikusanya maarifa yake juu ya viumbe: mimea, miti, mawe, samaki, ndege, wanyama na madini. Maandishi hayo yametufikia katika vitabu viwili, Physica na Causae et Curae. Kwake kila kiumbe kina nguvu iliyowekwa na Muumba, na afya ya mwanadamu ni kuzijua nguvu hizo na kuzitumia kwa kipimo. Alipenda kutumia neno la Kilatini viriditas, yaani ubichi, ile nguvu ya uhai inayofanya mche uchipue na roho istawi.

Katika vitabu hivyo bia haimo kama anasa. Ni kinywaji cha kila siku, sawa na mkate. Kimea cha nafaka kililowekwa, kikachemshwa, kikachachuka, nacho kilitoa kinywaji chenye nguvu ya nafaka yenyewe. Hildegard anasema bia hunenepesha mwili na kuupa uso rangi njema, kwa sababu ya uzuri wa utomvu wa nafaka. Mama huyu alikuwa na watawa wagonjwa wa kuwatunza, na bia ilikuwa moja ya vitu vilivyokuwa jikoni mwake.

Sehemu inayojulikana zaidi ni ile ya hopsi. Hopsi ni mmea unaotambaa na kujizungusha kwenye nguzo. Maua yake ya kike, yenye umbo la koni ndogo za kijani, ndiyo yanayoipa bia ya leo uchungu na harufu yake. Wapo wanaosema Hildegard ndiye aliyegundua matumizi ya hopsi katika bia. Hiyo si kweli. Mwaka 822, zaidi ya miaka 270 kabla hajazaliwa, Abati Adalhard wa Corbie, huko Ufaransa, alikwisha kuzitaja katika taratibu za monasteri yake. Alichofanya Hildegard ni kueleza zinafanya kazi gani. Anaandika kwamba si mmea wa kumfaa sana mwanadamu, maana huongeza huzuni nzito na kulemea matumbo, lakini kwa uchungu wake huzuia kinywaji kisioze, hata kikadumu muda mrefu zaidi.

Tuone alivyokuwa mkweli. Hakuzisifu hopsi kwa kuwa zinafaa kupikia bia, wala hakuzilaani kwa kuwa hakuzipenda. Alisema yote mawili. Katika kuhifadhi, sayansi imethibitisha neno lake: asidi zilizomo katika hopsi huzuia bakteria wanaochachisha bia vibaya. Wakati wake wapishi wengi walitumia gruti, mchanganyiko wa majani ya porini yenye harufu, naye anataja bia ya nafaka ya oti iliyopikwa kwa gruti bila hopsi. Taratibu hopsi zilishinda. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa sheria kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu.

Siku hizi, katika nchi nyingi, wapishi wadogo wa bia wamerudi kupika mapipa machache kwa mkono, kila mmoja na ladha ya mahali pake. Wapo hata waliorudia gruti. Wanaokwenda kuonja bia hizo hupewa glasi ndogo. Hutazama rangi kwanza, hunusa, hunywa kidogo, huacha utamu wa kimea upite na kusubiri uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Wachaga wa Kilimanjaro hupika mbege kwa ndizi mbivu na ulezi, na huutuliza utamu wake kwa magome machungu ya msesewe. Mama anayepika mbege anajua kwamba bila msesewe ladha haikamiliki, na msesewe ukizidi pombe hainyweki. Hildegard na mama huyo wangeelewana haraka sana.

Jaribu la mwisho

Uzee haukumletea mapumziko. Mwaka 1165 alianzisha nyumba ya pili huko Eibingen, ng'ambo ya Rhine, na kwa miaka mingi alisafiri kuhubiri, akiwakemea hata mapadre waliozembea kundi lao. Mwaka 1178, akiwa na miaka 80, alimruhusu kijana mmoja wa ukoo bora azikwe katika makaburi ya Rupertsberg. Kijana huyo aliwahi kutengwa na Kanisa, lakini alikwisha kupatanishwa kabla ya kufa. Wakuu wa Mainz waliamuru mwili ufukuliwe. Hildegard alikataa, akafuta alama za kaburi lisijulikane. Wakatoa adhabu: watawa wasipewe Komunyo wala wasiimbe Zala za Vipindi.

Kwa mtunzi wa nyimbo, hilo lilikuwa pigo zito. Hakuasi. Watawa walinyamaza wakasali kwa sauti ya chini, naye akaandika kudai haki, akieleza kwamba wimbo wa Kanisa ni mwangwi wa sifa za mbinguni. Mwezi Machi 1179 adhabu iliondolewa na nyimbo zikarudi. Miezi 6 baadaye, tarehe 17 Septemba, Hildegard alifariki. Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI alieneza heshima yake kwa Kanisa lote tarehe 10 Mei, na tarehe 7 Oktoba akamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Anatufundisha nini sisi?

Kwanza, furaha ya kinywaji ni zawadi, na zawadi hupokewa kwa macho wazi. Anayeonja hutambua nafaka, maji, mikono ya mpishi na mvua ya Mungu. Anayebugia hatambui kitu. Hata jina la alichokunywa atalisahau kesho. Kuna sherehe za upadrisho na jubilei ambamo watu huondoka bila kukumbuka homilia. Hapo hatukufurahi zaidi kuliko wengine. Tulipoteza furaha yenyewe.

Pili, furaha isiyo na uchungu kidogo haidumu. Kuacha glasi ya pili, kwenda kulala mapema kwa sababu kuna Misa ya alfajiri, kumwambia rafiki kwamba sasa imetosha: huo ndio msesewe wa maisha yetu. Mseminari asiyejifunza kujipimia leo hatapata wa kumpimia atakapokuwa peke yake katika nyumba ya parokia.

Tatu, kipimo si kilekile kwa wote. Yuko mmoja kati yetu ambaye glasi moja kwake ni mwanzo wa maangamizi. Kwa huyo, kuacha kabisa ndicho kipimo cha haki, na ni juu yetu kukaa naye mezani tukinywa maji bila kumcheka. Hildegard aliyekataa kumfukua mfu aliyekwisha kupatanishwa asingekubali tumwaibishe aliye hai anayepigania kusimama tena.

Mtakatifu Hildegard wa Bingen, utuombee.