Maisha ya Blaise Pascal

Wasomaji wenzangu, napenda kuwaelezeni habari za Mfaransa mmoja aliyewaza sana juu ya mambo mawili yanayoshinda akili: mahali pasipo na kitu, na mambo yasiyo na mwisho.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu, na baba yake akamfundisha nyumbani. Angali kijana, alibuni mashine ya kufanyia hesabu ili ampunguzie baba yake kazi ya kodi.

Siku zile wenye elimu wengi walishika ya kuwa hapawezi kuwapo mahali patupu kabisa. Lakini Mwitalia Torricelli alikuwa ameonyesha jambo la ajabu. Bomba la kioo lililozibwa upande mmoja likijazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli, zebaki hushuka mpaka kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake hubaki nafasi. Je, humo mna nini? Pascal alijaribu mwenyewe mjini Rouen, akasema humo hamna kitu. Kinachoishikilia zebaki ni uzito wa hewa ya nje. Basi juu ya mlima, ambako hewa ni haba, lazima zebaki ishuke zaidi.

Yeye alikuwa Paris, na afya yake dhaifu, kwa hiyo alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda, akakuta zebaki imeshuka kadiri ya sentimita 8. Bomba jingine lililoachwa chini halikubadilika kutwa.

Baadaye Pascal alimgeukia mwanadamu. Kata chaki nusu kwa nusu katika mawazo yako: hutafika kwenye sifuri kamwe. Hesabu namba: hutaona ya mwisho. Pascal aliona kuwa sisi tumewekwa katikati. Tukipimwa na mbingu zisizo na mpaka, hatuonekani. Tukipimwa na sifuri, tu wakubwa mno. Jambo hilo lilimtisha, wala hakuficha. Hata hivyo alishika kuwa heshima ya mtu i katika kufikiri, kwa maana ulimwengu haujui ukubwa wake, bali mtu anaujua udogo wake.

Linalonipendeza mimi ni kwamba mawazo hayo hayakumtenga na watu. Mwaka 1662 alisaidia kuanzisha magari ya farasi ya abiria mjini Paris, kwa nauli moja iliyojulikana. Mwaka ule ule, tarehe 19 Agosti, alifariki akiwa na miaka 39. Karatasi alizoziacha zilichapwa mwaka 1670, na kitabu hicho kikaitwa Pensées, yaani Mawazo.

Basi, ndugu zangu, tukipima mgandamizo wa hewa kwa paskali, tumkumbuke mwenye jina. Palipopimika alipima, pasipopimika hakuacha kufikiri.